Hadaa ya Waya Mweusi

Katika nyumba zilizotiwa umeme zama za Mwingereza, Mombasa au Dar es Salaam, fundi afunguaye soketi aghalabu hukuta waya mwekundu, ambao ndio wa moto, mweusi wa nyutro, na wa kijani wa ethi. Ilhali katika nyumba ya leo wa moto ni wa kahawia, nyutro ni wa buluu, na wa ethi una michirizi ya kijani na manjano. Uingereza yenyewe ilihitimisha mageuzi hayo kwa nyaya za ukutani mwaka 2006. Yangekuwa mambo ya urembo tu, lau kuwa katika umeme wa fezi tatu rangi mbili hazikubadilishana madaraka: mweusi, uliokuwa nyutro, sasa ni mmojawapo wa nyaya za moto, na wa buluu, uliokuwa wa moto, ndio nyutro.

Basi rangi ni dalili, si ithibati. Mwenye hadhari huondoa fyuzi ya njia anayoishughulikia na kuitia mfukoni mwake, asije mtu wa nyumbani akairudisha kwa nia njema. Kisha huijaribu testa kwenye soketi ya njia nyingine ambayo ingali na umeme, huigusisha waya wenyewe, na kurejea tena kwenye ile soketi, kwani testa iliyokufa haiwaki popote, na kimya chake huweza kudhaniwa salama.

Lakini balaa kubwa, kwa maoni yangu, hukaa katika kiungo: zile nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe. Joto hukua kwa mraba wa mkondo, hata mkondo ukizidi mara mbili joto huzidi mara nne. Na kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa nusu omu, kikipitiwa na ampea 10 za birika la maji, hutoa wati 50 mahali padogo kama ncha ya kidole, joto la chuma cha kuchomelea risasi. Shaba hupata kutu, ukinzani huongezeka, na fyuzi, ambayo kazi yake ni kupima mkondo tu, haioni kosa lolote, maana mkondo haukuzidi. Pua ya mwenye nyumba ndiyo hutangulia kujua, ama jicho lake, pale soketi nyeupe inapoanza kugeuka rangi ya chai.