Densiti na Mtego wa Vizio

Densiti ya dutu ni kiasi cha tungamo kilichomo katika kila kizio kimoja cha ujazo, na hupatikana kwa kugawa tungamo kwa ujazo. Tungamo ni wingi wa maada iliyomo katika kitu, wingi ambao hupimwa kwa gramu au kilogramu na haubadiliki kitu kinapohamishwa mahali, tofauti na uzito, ambao ni kani ya uvutano inayokivuta kitu hicho na ambao hupimwa kwa nyutoni. Ujazo ni nafasi ambayo kitu huchukua, na hupimwa kwa mita za ujazo au kwa sentimita za ujazo, ambazo kila moja ni sawa na mililita moja.

Ujazo wa kitu kisicho na umbo maalumu hupatikana kwa kukizamisha katika maji. Kipande cha metali chenye gramu 32.4 kikitumbukizwa katika silinda ya kupimia, na maji yakapanda kutoka mililita 50 hadi 62, huku jicho la msomaji likiwa sambamba na sehemu ya chini ya mbonyeo wa uso wa maji, ujazo wa kipande hicho ni sentimita za ujazo 12. Kugawa 32.4 kwa 12 hutoa gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, ambayo ni densiti ya alumini, iwe ni ya sufuria nzima au ya kipande kilichokatwa humo, kwa kuwa tungamo na ujazo hupungua kwa uwiano uleule.

Makosa mengi ya wanafunzi hayatokani na kugawa bali na kubadili vizio. Kwa kuwa mita moja ina sentimita 100, wengi hudhani kwamba mita moja ya ujazo ina sentimita za ujazo 100, ilhali urefu, upana na kimo vyote huzidishwa, yaani 100 mara 100 mara 100, na kupatikana milioni moja. Kwa hiyo densiti ya alumini, gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, ni sawa na kilogramu 2,700 kwa mita ya ujazo. Anayekosea hatua hiyo hupata kilogramu 0.27, jibu ambalo lingeifanya metali hiyo ielee angani, kwani hewa iliyo karibu na usawa wa bahari ina takriban kilogramu 1.2 kwa kila mita ya ujazo.

Kanuni hiyo ya kuelea kutegemea densiti hutumika katika vituo vya kukusanyia maziwa, ambako laktomita, chombo cha kioo kinachoelea, huzama zaidi katika maziwa yaliyotiwa maji, kwa sababu maziwa halisi ya ng'ombe yana takriban gramu 1.03 kwa mililita na maji yana gramu 1 tu. Tofauti ni ndogo, na joto nalo hubadili densiti. Kwa hiyo kipimo kisichotajiwa kizio na halijoto yake hakimtetei mfugaji wala mnunuzi.