Jiokashingi ni nini? Form ya kusaka hazina msituni bila kusumbua wanyama

Kama wikendi zako ni nyama choma na mechi tu, kuna form ingine: jiokashingi. Ni mchezo wa kusaka hazina, na ramani yako ni simu.

Iko hivi. Msee anaficha kiboksi mahali, anachukua namba za GPS za hapo na kuzipost kwa intaneti. Wewe unapakua app ya Geocaching, unazifuata, unasaka kiboksi, unaandika jina kwa kidaftari cha ndani, halafu unakirudisha pale pale. Ukibeba kitu kilichoachwa humo, acha kingine cha thamani hiyo au zaidi.

Ilianza vipi? Zamani serikali ya Marekani ilikuwa inavuruga GPS ya raia makusudi. Mei 2, 2000, hiyo noma ikazimwa. Kesho yake jamaa anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo porini huko Oregon, akaweka namba zake kwa mtandao. Siku chache tu, ikapatikana.

Sasa tuseme unasakia Karura, Nairobi. Ukienda polepole utaona kima wakiruka juu ya miti, na mbega weusi kwa weupe wenye mikia mirefu. Suni, paa mdogo sana, husimama tuli kichakani halafu anachomoka mbio.

Shida huja mita za mwisho. Chini ya miti mikubwa GPS inaweza kukosea mita kadhaa, kwa hivyo simu inakwambia umefika na hauoni kitu. Hapo ndipo watu huanza kupindua magogo, kuvunja matawi na kukanyaga miche. Manze, hiyo ni nyumba ya mtu! Na huu msitu haukubaki hivi hivi. Januari 1999, Wangari Maathai alipigwa akienda kupanda miti hapo, wakati mabwenyenye walikuwa wanaumezea mate.

Kabla ujitose, shika hizi:

- Saka na macho kwanza. Angalia kitu kisichokaa asili, kama mawe yaliyopangwa sana.
- Kaa kwa njia. Ikibidi uharibu kitu ndio ukifikie, achana nacho.
- Usiweke chakula kwa kiboksi. Wanyama watanusa na kukipasua, na kima akizoea msosi wa watu ataanza kupokonya.
- Ukitaka kuficha chako, omba wasimamizi wa msitu ruhusa kwanza.
- Toka kabla ya giza. Usiku ni zamu ya kanu na fungo.

Kuna hata aina isiyo na kiboksi: unafika kwa mwamba au maporomoko, unajibu maswali kuhusu unachoona, basi. Kwa msitu wenye wanyama, hiyo ndiyo poa zaidi, hakuna kitu cha kupekua.

Mbogi yako iko tayari?