Begi la gitaa la besi: kagua kwanza, ndipo uweke PIN

Jumamosi alfajiri, mpiga besi anapanda boda kuelekea harusini. Gitaa liko mgongoni, ndani ya begi jepesi kama shuka. Mbele kuna tawi la mwembe lililoinamia barabara. Yeye anainama na kupita, lakini shingo ya gitaa imesimama juu ya kichwa chake, nayo haipiti. Siku hiyo hakuna malipo ya bendi, na fundi wa kutengeneza shingo anaitisha pesa zinazoshinda bei ya begi zuri.

Wateja wetu wengi ni wanamuziki wa kanisani, wa benga na wa bendi za harusi, na vifaa vyao hununua kwa simu. Malalamiko yao hutufikia pesa ikishatoka: "Nimelipa, begi limekuja, gitaa haliingii." Kwa hivyo leo tunaanza kabla ya pesa kutoka.

Chukua futi ya mshonaji upime gitaa lako, kutoka ncha ya kichwa hadi kile kitufe cha mkanda kilicho chini. Besi ya kawaida, ile ambayo nyuzi zake zina urefu wa inchi 34 kati ya daraja na nati ya juu, hufika karibu sentimita 115 hadi 118 kwa jumla. Gitaa la kawaida la umeme ni karibu sentimita 100. Hapo ndipo watu wengi huangukia, kwa sababu tangazo husema "begi la gitaa" na picha haioneshi urefu. Muulize muuzaji urefu wa NDANI, na upana wa ndani pia ikiwa besi yako ina mwili mkubwa. Akikujibu "linatoshea zote, boss", achana naye. Kuna besi fupi za inchi 30, na kuna begi zinazotoshea hizo pekee.

Sasa sponji. Bonyeza begi kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mmoja ndani, mwingine nje. Ukihisi vidole vinakutana, hiyo ni ya kuzuia vumbi tu. Milimita 5 ni kidogo mno kwa mtu wa matatu. Tafuta 15 au 20. Lakini unene wa kila mahali si muhimu kama unene wa sehemu mbili: chini, pale kitufe cha mkanda kinapogonga sakafu kila unapotua begi, na kwenye kichwa, pale penye vishikio vya kukazia nyuzi. Begi zuri huwa na kipande cha mpira au ngozi ngumu chini. Lingine huwa na mto mdogo ndani wa kulaza shingo, na mkanda wa kuifunga isicheze. Ukiona huo mto, ongeza alama.

Kitambaa huandikwa 600D au 1680D. Namba hiyo ni uzito wa uzi: gramu ngapi kwa kila mita 9,000 za uzi. Kwa hivyo uzi wa 1680D ni mzito karibu mara tatu ya ule wa 600D. Hata hivyo tumeona begi la 600D lililoshonwa vizuri likidumu, na la 1680D likiachia mikanda mwezi wa pili. Besi ina kilo nne hivi, wakati mwingine zaidi, na uzito wote huo unaning'inia pale mkanda unaposhonewa mgongoni. Angalia hapo. Mshono uwe wa mraba wenye msalaba katikati, si mstari mmoja. Vuta kwa nguvu, usione haya. Ni pesa yako. Zipu nayo ifungue na kuifunga mara kumi, hasa kwenye kona. Zipu ya meno makubwa ni afadhali, na ikiwa ina kifuniko cha kuzuia mvua, bora zaidi.

Sanduku gumu je? Linalinda kuliko begi lolote, lakini ukiwa unapanda matatu ya abiria 14, makanga atakulipisha kiti cha pili na bado utalipakata. Hilo ni la mwenye gari.

Usimsahau fundi wa mabegi wa mtaani kwako. Mpelekee gitaa lenyewe alipime, mchague turubai na sponji pamoja. Ataomba pesa ya vifaa mapema, na hilo ni haki yake. Mpe ya vifaa tu, salio likae hadi siku ya kuchukua. Kama huna pesa yote, weka shilingi 50 kila siku kwenye akaunti yako ya akiba ya simu. Baada ya siku 90 utakuwa na 4,500.

Ukinunua mtandaoni, omba kulipa begi likifika. Muuzaji akikataa kabisa, lipa kupitia nambari ya till ya duka badala ya nambari ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa tofauti na la duka, simama hapo. "Tumia ya shemeji, yangu ina shida" si maelezo.

Tuseme wazi jambo ambalo halipendezi. Tunaweza kushughulikia pesa iliyoenda kwa nambari isiyo sahihi, mradi utuambie haraka kabla haijatolewa. Lakini ukimlipa mtu uliyemkusudia, halafu akuletee begi fupi, huo ni mgogoro kati yako na muuzaji, na sisi hatuwezi kuingia kwenye akaunti yake tukachota. Ndiyo maana tunakusumbua na futi. Hifadhi ujumbe wa malipo, tangazo na mazungumzo yenu yote. Ukifika polisi au kwa wakili, hizo ndizo utakazoulizwa.

Begi likiletwa na mtu wa boda, asiondoke bado. Toa gitaa ndani ya nyumba, litie, funga zipu hadi mwisho, livae mgongoni na utembee hatua kumi. Inama kidogo usikie kama kichwa kinagonga ndani. Kikigonga, rudisha begi papo hapo. Kisipogonga, toa simu ulipe.