Pointi Zilizopotea Mezani

Wapenzi wa kandanda wa Rusizi wanaukumbuka kwa uchungu mwaka 2024. Timu yao, Espoir FC, iliyoshuka daraja mwaka 2023, ilikuwa ikipigania kurejea Ligi Kuu ya Rwanda. Ndipo shirikisho la soka, FERWAFA, lilipoipokonya pointi kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili. Rutsiro FC na Vision FC zikapanda. Espoir ikabaki chini. Jasho la wachezaji likapotea mezani, si uwanjani.

Ndugu askari, kanuni hiyo huzibana pia APR FC ya jeshi na Police FC. Ninyi hukagua silaha kabla ya zamu. Nasi twasema: viongozi wa vilabu nao na wakague orodha ya wachezaji kabla filimbi haijalia.