Msimu wa Kusi: Tangi Tupu la Samaki Lisikaushwe

Mwaka jana kusi ilipotulia, mpwa wangu hapa Mkwiro alitia vitatange kumi na wanne katika tangi lake la kioo. Siku ya tatu walikuwa wamebaki wanne, nao wanahema juu juu, midomo i wazi kwenye uso wa maji. Mnunuzi alipowaona hakuuliza mengi. Alisema samaki hawa wamevuliwa kwa sumu, akalikata jina la kijana katika daftari lake.

Kijana havui kwa sumu. Ana leseni, huzama na vinyavu viwili vya mkono, na mara nyingine nimemshikia mashua mwenyewe nikamwona. Lakini mnunuzi hakukosea kuhusu sumu. Sumu ilikuwepo, ila haikutoka baharini. Ilizaliwa ndani ya tangi lile lile, na sababu yake ni kwamba tangi lilioshwa likatakata.

Wenye kazi hii ya samaki wa mapambo, kuanzia huku kwetu na Shimoni hadi Msambweni, wanajua kwamba kusi ikianza kuvuma mwezi wa Aprili kazi hupungua. Bahari huchafuka, maji huwa na vumbi, na mzamiaji haoni kitu. Matangi hukaa matupu hadi Septemba au zaidi. Mpwa wangu akaona ndiyo nafasi ya kufanya usafi. Alimwaga maji yote, akatoa mawe na changarawe, akasugua kila kitu kwa maji ya bomba na Jik, akaanika juani siku mbili. Mama yake alimsifu. Mimi pia nilimsifu, na hilo linanikaa rohoni mpaka leo.

Kilichokufa siku ile hakionekani kwa macho. Samaki hutoa uchafu wa aina ya amonia, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua yake, awe amekula au hajala. Baharini amonia hiyo hupotea, maana maji hayana mwisho. Ndani ya tangi la lita mia mbili haina pa kwenda. Hujikusanya, huchoma matamvua, na samaki hufa kwa kukosa pumzi ilhali pampu inapuliza hewa mchana kutwa. Maji ya bahari huifanya amonia kuwa kali zaidi, kwa kuwa hayana uchachu wa kuipoza.

Anayemwokoa samaki ni bakteria. Kundi moja hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo haifai kwa samaki. Kundi la pili huichukua nitriti na kuifanya nitrati, na hiyo samaki wengi huivumilia. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga bakteria hawa na kuonyesha kazi yao, mnamo 1890. Yeye alikuwa akichunguza udongo wa shamba, hakuwa na habari ya vitatange, lakini kazi ni ile ile.

Hawa si kama wale wanaochachusha wali uliolala. Wale wa wali huongezeka maradufu kwa muda wa nusu saa hivi kukiwa na joto. Hawa wa amonia huchukua nusu siku, siku nzima, au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kubeba samaki wengi. Mpwa wangu aliligeuza tangi la miaka mitatu kuwa jipya kwa asubuhi moja, kisha akalitwika samaki kumi na wanne siku ya kwanza.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni makazi yao. Ndani ya maji yenyewe wamo wachache tu. Wengi wao wamegandamana kwenye mawe, changarawe na sponji ya kichujio, katika ule utelezi ambao mkono ukiugusa unataka kuusugua. Kwa hiyo kubadilisha maji hakuleti hasara kubwa. Hasara ni kuusugua utelezi, kuukausha, au kuutia klorini. Ukitaka kuosha sponji, ikamue mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji ya bahari, basi. Itoke na uchafu wake kidogo.

Sasa tangi tupu mtu alifanyeje miezi mitano? Bakteria hawa wanataka mambo matatu: wakae majini, wapate hewa, na wapate chakula. Usimwage maji yote. Acha mawe na sponji mahali pake, na pampu iendelee. Taa zima, hawaihitaji, na mwanga utakuoteshea mwani bure. Pampu ikisimama muda mrefu, hewa huisha majini, wao hufa, na mahali pao huingia wale wa matopeni. Mwana wa pwani hahitaji kufundishwa dalili yake. Ni ile harufu ya yai bovu inayotoka ukikanyaga tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa. Ukiisikia kwenye tangi, umechelewa.

Chakula chao ni amonia, na samaki hawamo. Mtilie kipande cha kamba mbichi, ukubwa wa ncha ya kidole, ukifunge ndani ya soksi kuukuu iliyo safi ili uweze kukitoa. Kitaoza na kutoa amonia polepole. Kikiisha au kikianza kunuka sana, toa, ngoja siku chache, tia kingine. Usizidishe kwa huruma. Hata wakikosa chakula hawafi siku moja, hupunguza kazi na idadi yao hushuka kidogo kidogo, kwa hiyo ukisafiri wiki moja kwenda Mombasa harusini usihangaike.

Kuna suala la chumvi pia. Maji yakikauka kwa joto, chumvi hubaki na tangi huwa kali. Piga alama ya kalamu kwenye kioo, na maji yakishuka ongeza maji baridi, si ya bahari. Kisiwani hatuna mto, ila kusi hutuletea masika, na maji ya mvua hayana klorini. Acha tu mvua ya kwanza ioshe paa la bati ndipo ukinge.

Na asiye na umeme wa kutegemea? Hapa nasema nilichokiona kwa mpwa wangu mwaka huu. Alitia mawe na sponji zake ndani ya kipande cha wavu, akavitundika baharini upande wa ndani wa kisiwa, ule unaotazama bara, ambako kusi haifiki kwa nguvu. Mkondo unaleta hewa na chakula bila ya gharama. Hasara yake ni kwamba vijinyama huota juu ya mawe, na huenda ukaingiza vimelea tangini, kwa hiyo vikague na uvisuuze kwa maji ya bahari kabla ya kuvirudisha. Mawe yawe yako mwenyewe. Asije mtu akaenda kubomoa matumbawe ya Kisite kwa hoja kwamba amesoma hapa mawe ya bahari yana bakteria. Kisite ni hifadhi, hakichukuliwi kitu, na vijana wa hapa hapa Mkwiro wanatoa jasho kupanda matumbawe upya.

Siku ya kuanza tena, pima kwanza. Vipo vichupa vya kupimia amonia, maji hubadilika rangi. Tia kipande cha kamba, subiri amonia ionekane, kitoe, kisha pima kesho yake. Ikiwa imetoweka, jeshi liko kazini. Ikiwa ingalipo, ngoja. Halafu tia samaki wawili au watatu, wape wiki moja, ndipo uongeze.

Juzi kijana ameyatoa mawe baharini na kuyarudisha tangini. Kipimo cha kwanza kilikuwa kijani, maana yake amonia ingalipo. Cha siku ya tatu kimetoka njano. Ametia vitatange wawili, na wanakula. Jina lake bado halijarudi kwenye daftari la yule bwana, lakini Jumamosi tunavuka wote wawili kwenda kumwonyesha kile kichupa, na nimeahidi kwamba atakayesema kwanza ni mimi, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliosifu ule usafi.