Kila Jeraha na Tiba Yake: Ubingwa wa Mnasihi Hupimwaje?

Vibao vya ofisi za unasihi mijini mwetu huwa na orodha ndefu: ndoa, watoto, msiba, ulevi, sonona, kiwewe, wasiwasi. Mwenye mzigo moyoni akikisoma kibao kama hicho hudhani yote hayo hutibiwa kwa njia moja, yaani unaketi, unaeleza yaliyokusibu, unasikilizwa kwa upole, kisha unatoka umepata nafuu. Kusikilizwa vizuri kuna uzito wake, wala hakuna tiba ya nafsi inayoweza kusimama bila hilo. Lakini daktari hampi kila mwenye homa dawa ya malaria. Vivyo hivyo, utafiti wa zaidi ya nusu karne umeonyesha kwamba matatizo ya nafsi yana tiba zinazotofautiana, na kwamba inayomfaa huyu yaweza kumchelewesha yule kupona.

Ushahidi mmoja mzito ulitoka kwa majeruhi wa ajali za barabarani. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilienea desturi ya kumkalisha mtu mapema baada ya tukio la kutisha na kumtaka asimulie yote kwa kikao kimoja, ili asibaki nayo moyoni. Ilionekana ni busara tupu. Watafiti wa Oxford, Uingereza, waliwafuatilia majeruhi wa ajali kwa miaka mitatu na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000. Wale waliokuwa na dalili kali tangu mwanzo na wakapewa kikao hicho walibaki na dalili zao. Wenzao wenye dalili kama zile, ambao hawakupewa kikao, walipata nafuu. Nia njema ilikuwepo na masikio ya kusikiliza yalikuwepo, ila njia haikuwa yenyewe. Kumbukumbu ya hofu huhitaji kurejewa zaidi ya mara moja, kwa mpangilio na kwa muda wa kutosha, hadi mwili ujifunze kwamba kukumbuka ajali si sawa na kuwa ndani yake tena. Kuifungua na kuiacha wazi hakutoshi.

Tatizo la pili wanalijua vizuri masheikh na walimu wa madrasa: wasiwasi wa udhu. Mtu anaosha mikono mara tatu, anafika kwenye miguu, anapata shaka kama viwiko vilipata maji, anaanza upya. Maji yanamwagika, jamaa wameshasali wametawanyika, yeye bado yuko bombani. Akitoka anamuuliza mkewe, "Umeniona nikiosha kisigino?" Mke anamtuliza: "Nimekuona, udhu wako umetimia." Anapumua. Dakika chache baadaye shaka imerudi, tena na nguvu zaidi.

Mnasihi asiye na ujuzi wa maradhi haya atafanya alichofanya mke: atamtuliza. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kila anapotulizwa, ubongo unajifunza kwamba shaka ile ilikuwa hatari ya kweli na kwamba kilichomwokoa ni jibu. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alieleza habari za wagonjwa wawili waliosaidiwa kwa njia iliyo kinyume. Waliwekwa karibu na kile walichokiogopa, na wauguzi wakawazuia kufanya yale waliyozoea kuyafanya ili kujituliza. Kutokana na kazi hiyo ilikua tiba ambayo leo ni miongoni mwa zinazoaminiwa zaidi kwa maradhi ya wasiwasi wa aina hii: kukabili hofu na kujizuia kuijibu. Kwa mtu wetu wa udhu, maana yake ni kutawadha mara moja, kufunga bomba, kwenda kusali, na kuiacha shaka ipige kelele bila kupewa jibu. Mara ya kwanza moyo unamwenda mbio. Akirudia siku baada ya siku, hofu hupungua, naye hugundua kwamba anaweza kusali hata ikiwa bado ipo.

Tiba hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyemjua mteja wake. Mnasihi akimwambia asali bila udhu, amempoteza. Amemtaka atende dhambi ili apone. Mwenye uzoefu na waumini anajua kwamba fiqhi yenyewe imeweka mpaka: kuosha zaidi ya mara tatu hakupendezi, na yakini haiondolewi na shaka. Kwa hiyo atamshauri mteja aende kwa sheikh anayemwamini, aulize mara moja tu, apate mpaka wake, kisha asirudi kuuliza, maana kuuliza kila siku ni sehemu ya ugonjwa. Miongoni mwa Waislamu wapo waliolitazama tatizo la wasiwasi kama ugonjwa zamani sana. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu yake katika kitabu chake cha afya ya miili na nafsi.

Kutoka hapo twende Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliobakwa wakati wa vita. Tiba iliyopelekwa huko ilibuniwa Marekani na Patricia Resick kwa ajili ya manusura wa ubakaji, na kwa asili yake ilitegemea sana kuandika. Mteja hujaza karatasi, akiandika wazo lililomganda na kulipima kwa ushahidi. Vijijini Kivu wanawake wengi hawakuwa wamejifunza kusoma. Tiba ikarahisishwa, maswali yakawa ya kukariri, mazungumzo yakafanywa kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Vikundi vilikuwa vya wanawake sita hadi wanane, na walioviongoza walikuwa wasaidizi wa hukohuko waliopewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu.

Kiini cha kazi kilibaki palepale. Mwanamke anaposema, "Kosa ni langu, ningepiga kelele," jirani mwema atamjibu, "La, si kosa lako, mama." Jibu ni la haki, lakini halimwingii. Mnasihi aliyefundwa tiba hii huuliza taratibu: walikuwa wangapi? Walishika nini mikononi? Kama ungepiga kelele, mama, ingetokea nini? Anayajibu mwenyewe, na kwa kuyajibu anafika mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumfikisha kwa kumbembeleza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, baada ya utafiti uliohusisha wanawake 405 katika vijiji 15. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 tu. Katika vijiji vya kulinganisha walikuwa asilimia 42, na wanawake wa huko hawakuachwa wapweke: walikuwa na mtu wa kuwasikiliza na kuwasaidia. Tofauti hiyo inaashiria uzito wa ujuzi mahususi uliotumika.

Kwa watoto, njia hubadilika tena. Mtoto aliyefiwa, kwetu, mara nyingi huambiwa kwamba baba amesafiri, au hunyamaziwa kabisa ili asilie. Katika eneo la Moshi, kaskazini mwa Tanzania, na la Bungoma, magharibi mwa Kenya, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliopoteza mzazi walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nusu yao walipewa tiba maalumu: walijifunza kupumua kwa utulivu na kutaja hisia zao, kisha kila mmoja akasimulia kifo cha mzazi wake hatua kwa hatua akiwa na mnasihi wake. Walezi nao walikuwa na vikao vyao, kwa sababu atakayelala na mtoto huyo usiku ni bibi au shangazi, si mnasihi. Tiba ilishinda huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti. Mwaka mmoja baadaye, nchini Kenya faida ilikuwa bado kubwa, ilhali Tanzania makundi mawili yalikuwa yamelingana. Njia ileile, umri uleule, mahali tofauti, matokeo tofauti: mazingira anayoishi mtoto ni sehemu ya hesabu.

Wengi wa waliotoa tiba Kivu, Moshi na Bungoma hawakuwa na shahada za saikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa njia moja, wakaifanya mara nyingi, wakasahihishwa kila wiki na waliowatangulia. Huo ndio ubingwa. Cheti hufungua mlango, lakini kinachomjenga mnasihi ni idadi ya watu wenye tatizo la aina moja aliowahudumia, na kuwepo mtu mwingine anayeikagua kazi yake. Juu ya hayo, uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti karibu 300 ulithibitisha kwamba maelewano kati ya mteja na mnasihi huenda sambamba na kupona, iwe tiba ni ya aina gani. Mteja anayeaminiana na mnasihi wake, na anayekubaliana naye juu ya lengo na njia ya kulifikia, huwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona.

Kwa hiyo anayetafuta msaada ana haki ya kuuliza kabla ya kuanza kusimulia. Umewahi kuwahudumia watu wenye tatizo kama langu? Unatumia njia gani, na kwa nini hiyo? Itachukua muda gani, na tutajuaje kwamba inafanya kazi? Usipoweza kunisaidia, utanipeleka kwa nani? Nani anasimamia kazi yako, na siri yangu italindwaje? Kumuuliza mtaalamu hivi si kumvunjia heshima. Mnasihi anayeijua kazi yake atayajibu kwa maneno mepesi, na kwa tatizo asilolimudu atasema wazi kwamba hilo silo lake. Anayedai kutibu kila kitu kwa njia moja, mwache, kamtafute mwingine.