Sonona ya majira ya baridi: kwa nini inawapata walio Ulaya, na huku kwetu tuangalie nini

Msikilizaji, huenda una ndugu anayeishi Ulaya. Ikifika Desemba simu zake hupungua. Ukimpata anasema amechoka, anashinda amelala, hataki kuonana na watu. Nyumbani wanasema anaringa. Inawezekana anaumwa.

Ipo sonona inayorudi kila majira ya baridi. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, akiwemo daktari Norman Rosenthal, waliieleza kitaalamu. Inahusishwa zaidi na uhaba wa mwanga kuliko baridi yenyewe. Mjini London, mchana wa Desemba una masaa 8 hivi. Wa Juni unazidi masaa 16. Mwili hupanga usingizi na kuamka kwa kufuata mwanga, na ukipungua mpangilio huo huvurugika. Hutibiwa kwa taa maalumu yenye mwanga mkali, kwa kawaida nusu saa kila asubuhi, pamoja na ushauri nasaha au dawa.

Kilosa na Mikumi hatuna shida hiyo. Tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka haifiki dakika 60.

Lakini sonona yenyewe ipo, ila inaingia kwa milango mingine: msiba, madeni, ugomvi wa mashamba, mafuriko. Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makazi. Aliyepitia hayo anaweza kukosa usingizi kila mvua zinapoanza.

Dalili

Huzuni au kukosa hamu ya mambo karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi na hamu ya kula hubadilika, mtu hujiona hana thamani. Wengine hulalamika kichwa na mwili kuuma; wakipimwa malaria, hakuna. Huo si uvivu, wala hajalogwa.

Ufanye nini

Anzia zahanati iliyo karibu, Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Mtakatifu Kizito, Mikumi. Mweleze mhudumu na hali ya moyo, siyo maumivu ya mwili peke yake. Ukipewa dawa, huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Usiziache bila kumuuliza daktari. Pombe huzidisha tatizo.

Mtu akisema amechoka kuishi, usimkemee wala usimwache peke yake. Ondoa dawa za kuulia wadudu wa shambani mahali anapoweza kuzifikia, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo.